VITA, KODI NA DAFTARI: JINSI DOLA ZA ULAYA ZILIVYOJENGWA, NA NANI ALIYELIPA

Yako maneno ambayo yamerudiwa mara nyingi vyuoni na katika vitabu vya siasa, kwamba dola za Ulaya zilizaliwa vitani. Mtaalamu wa Kimarekani, Charles Tilly, aliyaeleza mwaka 1975 kwa namna ambayo imebaki vichwani mwa wanafunzi wa historia: wafalme walipotaka kupigana walilazimika kujenga dola, na dola zilipokwisha kujengwa zikapata nguvu ya kupigana zaidi. Hoja hiyo ina ukweli mwingi ndani yake. Lakini wamekuja wengine nyuma yake wakaikokota hadi mahali pengine. Wamesema kwamba serikali nyingi za Afrika ni dhaifu kwa sababu mipaka yake haikupatikana kwa vita baina ya jirani na jirani, na kwamba amani baina ya mataifa hayo ndiyo iliyowanyima watawala sababu ya kukusanya kodi na kupanga utawala. Kwa maneno mengine, kama damu ingemwagika zaidi, serikali zingekuwa imara zaidi.

Hilo si jambo la kuachwa lipite. Mwalimu anayefundisha historia darasani, na mtumishi anayeshika daftari la kodi ofisini, wote wawili wana haja ya kujua kama maneno hayo ni ya kweli. Njia ya kujua ni kurudi kwenye vita vyenyewe, tangu mwaka 1494 hadi mwaka 1789, na kuuliza maswali matatu. Vita hivyo viligharimu nini? Nani aliyelipa? Na kile kilichobaki moshi ulipotawanyika kilijengwa na nini hasa?

MIZINGA NA KUTA

Mwaka 1494 Mfalme Charles wa Nane wa Ufaransa alivuka milima ya Alps na kuingia Italia akiwa na mizinga iliyokokotwa na farasi. Ngome za Kiitalia zilikuwa na kuta ndefu za mawe zilizojengwa kwa ajili ya kuzuia ngazi na mishale. Kuta hizo, ambazo zamani zingalistahimili miezi mingi, sasa zilibomoka kwa siku chache. Miaka 41 kabla ya hapo, mwaka 1453, Waturuki walikuwa wamekwisha kuvunja kuta za Konstantinopoli kwa mizinga. Enzi ya kabaila aliyejifungia ndani ya boma lake na kumdharau mfalme ilianza kufikia kikomo.

Waitalia hawakukaa kimya. Walibuni ngome za aina mpya: kuta fupi na nene sana, zilizojazwa udongo ili kumeza risasi za mizinga, na zenye pembe zilizochomoza nje ili mzinga wa pembe moja ulinde ubavu wa pembe nyingine. Mtu wa Pwani ya Afrika Mashariki hana haja ya kusafiri hadi Italia ili aione ngome ya namna hiyo. Wareno, ambao mwaka 1505 waliiteka Kilwa na kuichoma Mombasa, walianza mwaka 1593 kuijenga Ngome ya Yesu pale Mombasa, na aliyeichora alikuwa Mwitalia, Giovanni Battista Cairati. Ubora wa elimu hiyo ya vita ulionekana karne moja baadaye, kwani Waomani walipoizingira ngome hiyo mwaka 1696 walichukua zaidi ya miaka miwili na nusu kabla ya kuiteka mwezi Desemba 1698.

Kilichotokea Mombasa kilikuwa kimekwisha kuwa jambo la kawaida Ulaya. Kuuteka mji mmoja kulitaka maelfu ya askari wakae mahandakini miezi na miezi, wale, walipwe, wapewe baruti. Jeshi la Charles wa Nane halikuzidi sana watu 30,000. Miaka 200 baadaye, Louis wa Kumi na Nne wa Ufaransa hiyo hiyo alikuwa na askari zaidi ya 300,000. Desturi ya kale ilikuwa kwamba mfalme ajilishe kwa mashamba yake mwenyewe, na kuwaomba raia msaada pale tu nchi inapokuwa hatarini. Desturi hiyo ikavunjika. Hakuna mashamba ya mfalme yeyote ambayo yangeweza kulisha jeshi la namna hiyo.

Basi mtawala alibakiwa na njia tatu: kukopa, kupora, au kutoza kodi. Kila dola ilichanganya njia hizo kwa kiasi chake, na historia ya Ulaya katika karne hizo tatu ni historia ya matokeo ya mchanganyiko huo.

FEDHA NYINGI, HESABU KIDOGO

Hispania ndiyo iliyokopa kuliko wote. Mwaka 1545 mlima wa fedha uligunduliwa huko Potosí, katika nchi ambayo leo ni Bolivia, na wenyeji wa milima ile wakalazimishwa kufanya kazi machimboni kwa zamu, kazi iliyoua wengi. Fedha hiyo ilivushwa bahari kila mwaka. Kwa macho ya nje hapakuwa na mfalme tajiri kumshinda Philip wa Pili. Lakini fedha ya Potosí ilikuwa imekwisha kuwekwa rehani kwa mabenki ya Genoa na ya Ujerumani kabla merikebu hazijatia nanga Seville. Chini ya mfalme huyo Hispania ilishindwa kuwalipa wadai wake mwaka 1557, ikashindwa tena mwaka 1560, 1575 na 1596. Wahenga walinena kweli waliposema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwaka 1576, baada ya miezi mingi bila mshahara, askari wa Hispania waliokuwa Flanders waliasi. Mwezi Novemba waliuvamia Antwerp, mmoja wa miji tajiri kupita yote ya biashara Ulaya, wakauchoma, wakapora maduka na kuua maelfu ya wakazi wake. Siku chache baadaye majimbo ambayo yalikuwa bado yanamsikiliza mfalme yaliungana na yale yaliyoasi. Askari asiyelipwa aliharibu kwa siku tatu kazi ambayo majenerali waliihangaikia kwa miaka.

Upande wa pili ulikuwa na majimbo madogo ya Uholanzi, nchi ya matope na mifereji isiyo na mgodi hata mmoja. Majimbo hayo yalifanya mapatano ya umoja pale Utrecht mwaka 1579, na yalipigana na Hispania hadi mwaka 1648. Waholanzi walijitoza kodi nzito, juu ya bia, chumvi, nyama na unga, nzito hata kuliko zile ambazo mfalme wa Hispania alithubutu kuwatoza. Tofauti ni kwamba kodi hizo ziliamuliwa na mabaraza ya miji na majimbo yao, na matumizi yake yalijulikana. Mwenye akiba alikuwa tayari kuikopesha serikali kwa riba ndogo, kwa sababu alijua atalipwa. Askari alipewa mshahara wake kwa wakati, na Maurits wa Nassau aliweza kumfundisha gwaride na kupakia bunduki kwa amri moja, jambo lisilowezekana kwa askari mwenye njaa anayewaza kupora.

Isisahauliwe lakini kwamba mabaraza hayo yalikuwa ya wafanyabiashara matajiri, na kwamba haki waliyoidai nyumbani hawakuipeleka ng'ambo. Kampuni yao ya Mashariki, iliyoundwa mwaka 1602, ilivamia visiwa vya Banda mwaka 1621 kwa ajili ya kungumanga, na kuwaangamiza karibu wenyeji wote.

MIAKA THELATHINI YA UPORAJI

Njia ya kupora ilifikia kilele chake Ujerumani. Tarehe 23 Mei 1618 makabaila wa Kiprotestanti walioingia katika kasri la Prague waliwatupa wajumbe wa Kaizari dirishani. Wajumbe hao walinusurika, lakini vita vilivyofuata vilidumu miaka 30. Vilianza kwa jina la dini. Vilipokwisha, Ufaransa ya Kikatoliki iliyoongozwa na Kadinali Richelieu ilikuwa imeungana na Uswidi ya Kiprotestanti kumpiga Kaizari Mkatoliki. Dini ilikuwa bendera. Kilichogombewa kilikuwa ukubwa.

Mwaka 1625 kabaila mmoja wa Bohemia, Albrecht von Wallenstein, alimwendea Kaizari na ahadi ya ajabu. Angemletea jeshi kubwa bila kuigusa hazina. Siri yake ilikuwa ni mchango wa lazima. Kila mji na kila wilaya ambamo jeshi lilipita ilitakiwa kulipa kiasi kilichotajwa, kwa fedha, nafaka na farasi, la sivyo ichomwe moto. Majeshi yote yakaiga, rafiki na adui. Jeshi likawa kama nzige: halikwenda pale palipokuwa na adui, lilikwenda pale palipokuwa bado na chakula. Wallenstein mwenyewe akawa na nguvu za kumtisha bwana wake, na mwaka 1634 Kaizari akaridhia auawe.

Mji wa Magdeburg ulitekwa tarehe 20 Mei 1631. Kwa muda wa siku moja watu wapatao 20,000 waliuawa au kuteketea katika moto. Hata hivyo waliokufa kwa upanga na risasi katika vita hivyo ni wachache wakilinganishwa na waliouawa na njaa, tauni na homa ya chawa vilivyofuata nyayo za askari. Makadirio ya wanahistoria ni kati ya watu milioni 4 na milioni 8. Yako majimbo, kama Pomerania na Württemberg, ambayo yalipoteza nusu ya watu wake au zaidi.

Mapatano ya Westfalia yalitiwa sahihi tarehe 24 Oktoba 1648. Vitabu husema kwamba hapo ndipo lilipozaliwa wazo la mataifa yenye mamlaka kamili, kila moja ndani ya mipaka yake. Hata kama hilo linakubaliwa, haifai kusahau hali ya nchi ambayo vita vyenyewe vilipiganwa. Ujerumani iliyotoka katika miaka hiyo 30 haikuwa dola imara. Ilikuwa na mamia ya tawala ndogo ndogo, mashamba yaliyorudi kuwa pori, na vijiji ambavyo vilibaki kuwa majina tu. Kama vita peke yake ndivyo vinavyojenga dola, basi Ujerumani ingalikuwa dola kuu ya Ulaya mwaka 1648. Ikabidi isubiri zaidi ya karne mbili.

ORODHA YA BYGDEÅ

Uswidi ilikuwa nchi maskini, yenye watu kiasi cha milioni moja na ushei pamoja na Finland. Haikuwa na fedha ya kukodi mamluki wengi, wala wafanyabiashara wa kuikopesha. Ilikuwa na wakulima, na ilikuwa na wachungaji wa makanisa waliojua kusoma na kuandika. Kutokana na vitu hivyo viwili Mfalme Gustav Adolf na waziri wake mkuu, Axel Oxenstierna, walijenga jeshi lililoitetemesha Ulaya.

Mchungaji aliandika majina ya wanaume wote wa parokia yake. Maofisa wa mfalme walipokuja, wanaume waliitwa, wakagawanywa katika makundi ya watu kumi kumi, na katika kila kundi mmoja alichukuliwa. Kwa kuwa orodha hizo zilihifadhiwa, inawezekana hata leo kufuatilia kilichowapata watu wa parokia moja ya kaskazini iitwayo Bygdeå. Kati ya mwaka 1621 na 1639 parokia hiyo ilitoa vijana 230 kwenda kupigana Poland na Ujerumani. Kati yao 215 walifia huko, wengi wao kwa maradhi kambini, bila hata kuliona pambano kubwa. Wanaume wazima waliobaki parokiani walipungua kutoka 468 hadi 288. Walioandikishwa miaka ya mwisho walikuwa vijana wa chini ya miaka 18, kwa sababu kaka zao walikuwa wamekwisha. Mashamba yakalimwa na wanawake, na wanawake hao hao ndio waliolipa kodi.

Wengi husoma habari za ushindi wa Breitenfeld mwaka 1631, na za kufa kishujaa kwa Gustav Adolf pale Lützen mwaka 1632. Habari za Bygdeå zinastahili kusomwa pamoja na hizo, maana bila Bygdeå hapana Breitenfeld.

Hata hivyo Uswidi haikusambaratika, na sababu zake ni mbili. Ya kwanza ni kazi ya ofisini. Mwaka 1634, miaka miwili baada ya mfalme kuuawa na huku malkia akiwa bado mtoto, Oxenstierna alitoa utaratibu wa serikali wenye idara tano: sheria, vita, majeshi ya majini, mambo ya chansela, na hazina. Kila idara ilikuwa na wajumbe wake, kumbukumbu zake na wajibu wake ulioandikwa. Mfalme alikufa, kazi ikaendelea. Sababu ya pili ni kwamba katika Bunge la Uswidi wakulima walikuwa na wawakilishi wao, pamoja na makabaila, makasisi na watu wa mijini. Sauti yao haikuwa kubwa, lakini ilikuwapo. Walinung'unika hadharani, na malalamiko yao yaliandikwa. Mkulima wa Uswidi alitozwa, alihesabiwa, alipelekwa kufa, lakini hakufanywa mtwana.

MAPATANO YA MWAKA 1653

Ng'ambo ya bahari ya Baltiki mambo yalikwenda vingine. Friedrich Wilhelm, mtawala wa Brandenburg, alirithi mwaka 1640 nchi iliyokanyagwa na kila jeshi. Aliazimia kuwa na jeshi lake mwenyewe, na mwaka 1653 alipatana na makabaila wake. Wao walimpa thaler 530,000 za kuanzishia jeshi, zilipwe katika miaka sita. Yeye aliwathibitishia msamaha wao wa kodi na mamlaka yao juu ya wakulima. Mkulima aliyedai kwamba yeye ni mtu huru ndiye aliyetakiwa kuleta ushahidi. Asiyekuwa na ushahidi alihesabiwa kuwa mtwana.

Hayo ndiyo mapatano yaliyoijenga Prussia. Mfalme na kabaila walikaa mezani, na aliyeuzwa ni mtu wa tatu ambaye hakuitwa mkutanoni. Jeshi lilipopatikana, lilitumika kukusanya kodi bila ridhaa ya mtu yeyote. Kufikia mwaka 1740 nchi hiyo yenye watu milioni mbili na kidogo ilikuwa na askari wapatao 80,000. Kwa utaratibu wa mwaka 1733 kila wilaya ilikuwa na kikosi chake, na vijana waliandikwa tangu utotoni. Kabaila aliyekuwa bwana wa shamba mara nyingi ndiye huyo huyo aliyekuwa kapteni wa kikosi. Mkulima hakuwa na pa kukimbilia.

Prussia inasifiwa kwa utumishi wake na kwa shule zake, na sifa hizo si za uongo. Makarani wake walifuata kanuni, hesabu zilikaguliwa, na amri za mwaka 1717 na 1763 ziliwataka watoto waende shule. Lakini lengo la shule hizo lilikuwa kumtoa raia mtiifu. Friedrich wa Pili aliagiza askari wakongwe na vilema wapewe kazi ya ualimu vijijini, kana kwamba ualimu ni malipo ya uzeeni. Huko Urusi Petro Mkuu alifuata njia ya namna hiyo hiyo. Kuanzia mwaka 1724 alitoza kodi ya kichwa kwa kila mwanamume wa tabaka la wakulima, na kamba za utwana zikazidi kukazwa.

Nguvu ya dola iliyojengwa kwa utii mtupu ilipimwa tarehe 14 Oktoba 1806. Siku hiyo Napoleon alilivunja jeshi la Prussia pale Jena na Auerstedt, na ngome moja baada ya nyingine ikafungua milango bila kupigana. Wananchi hawakuona kilichokuwa chao cha kukitetea. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 1807, amri ya kuufuta utwana ilitolewa. Watawala walikuwa wamejifunza, kwa kuchelewa, kwamba mtwana hatetei shamba la bwana wake.

NANI ALIPE?

Tofauti ya Ufaransa na Uingereza ndiyo inayoliweka swali la kodi wazi kuliko mifano yote. Ufaransa ilikuwa na watu wengi zaidi na ardhi nzuri zaidi. Richelieu alipeleka maofisa wake majimboni kukusanya kodi kwa ajili ya vita, wakati mwingine wakisindikizwa na askari. Lakini kodi kubwa ya nchi haikuwagusa makabaila na makasisi. Ilimwangukia mkulima. Wakulima wa kusini-magharibi waliasi mwaka 1636 na 1637, wale wa Normandy mwaka 1639, na mwaka 1648 uasi ukaingia Paris yenyewe. Zaidi ya hayo, mfalme aliyehitaji fedha za haraka aliuza vyeo vya serikali. Mtu alinunua ofisi kama anavyonunua duka, akairithisha kwa mwanawe, na faida yake akaitafuta kwa raia. Mtumishi wa namna hiyo haweki hesabu za umma. Anaweka hesabu zake.

Wako walioonya. Vauban, mjenzi mkuu wa ngome za Louis wa Kumi na Nne, aliyetembea kila pembe ya nchi na kuona jinsi wanakijiji walivyoishi, alitoa kitabu mwaka 1707 akishauri kila mtu alipe kodi kwa kadiri ya mapato yake, kabaila kwa mkulima. Kitabu kikapigwa marufuku. Baraza kuu la tabaka tatu za nchi halikuitwa tangu mwaka 1614 hadi mwaka 1789. Lilipoitwa, kiasi cha nusu ya matumizi ya serikali kilikuwa kinamezwa na madeni ya vita. Kilichofuata kinajulikana na kila mwanafunzi.

Uingereza ilipitia moto wake mapema. Charles wa Kwanza alitoza kodi ya merikebu bila Bunge kuanzia mwaka 1634, akaingia vitani na Bunge lake mwaka 1642, na akakatwa kichwa tarehe 30 Januari 1649. Sheria ya mwaka 1689 ikatamka kwamba kutoza kodi bila idhini ya Bunge ni haramu, na vivyo hivyo kuweka jeshi wakati wa amani bila idhini hiyo. Mwaka 1694 Benki ya Uingereza iliundwa kwa ajili ya kuikopesha serikali pauni 1,200,000 za vita dhidi ya Ufaransa. Waliokopesha walikuwa na imani kwa sababu kodi za kulipia deni zilipitishwa na Bunge. Ushuru wa bidhaa ulikusanywa na maofisa wa mshahara waliofanyiwa mtihani wa hesabu, wakahamishwa vituo ili wasizoeane mno na wafanyabiashara, na madaftari yao yakakaguliwa. Kwa ofisi hiyo ya ushuru, nchi ndogo iliibeba mizigo ya vita iliyoivunja mgongo nchi kubwa.

Hata hivyo sifa hiyo ina mipaka yake. Waliopiga kura Uingereza walikuwa wachache wenye mali, na ushuru wa bia na chumvi ulimwelemea mvujajasho. Waayalandi walitekwa na kunyang'anywa ardhi. Vita vilivyokwisha mwaka 1713 viliiletea Uingereza mkataba wa kupeleka watumwa wa Kiafrika katika makoloni ya Hispania. Na Bunge lilipotaka mwaka 1765 kuwatoza Wamarekani kodi ya stempu kwa ajili ya madeni ya vita, watu ambao hawakuwa na mjumbe hata mmoja ndani yake, lilianza safari iliyolipotezea makoloni 13.

WALIOPOTEA NJIANI

Wasemao kwamba vita hujenga dola huwahesabu waliosalia na kuwasahau waliozama. Poland ilikuwa miongoni mwa nchi kubwa kabisa za Ulaya. Ilipigana na Waswidi, Warusi na Waturuki. Vita hivyo havikuijenga, kwa sababu makabaila wake hawakukubali kulipa, na tangu mwaka 1652 mjumbe mmoja aliweza kulivunja Bunge zima kwa kusema hapana. Mwaka 1772, 1793 na 1795 majirani zake watatu waliigawana hadi ikafutika katika ramani. Hispania ilipigana kuliko wote, ikafilisika. Ujerumani ilikuwa uwanja wa vita, ikagawanyika. Vita ni mtihani. Vilimkuta aliyejiandaa na asiyejiandaa. Hakuna mwalimu anayedai kwamba mtihani ndio uliomfundisha mwanafunzi.

Kilichosalia katika nchi zilizosimama ni vitu vinavyoweza kutajwa kwa majina: daftari la watu na mali lililo sahihi, karani anayelipwa mshahara na kukaguliwa, hazina moja badala ya mifuko mingi, na mahali ambapo mlipa kodi anauliza fedha zake zimekwenda wapi. Vitu hivyo wafalme wa Ulaya walivifikia kwa kusukumwa na hofu ya adui. Lakini mzinga haukuwa sehemu ya lazima katika daftari.

Ushahidi umo Uswidi yenyewe. Mwaka 1749, wakati enzi yake ya kutamba ilikuwa imekwisha, serikali ilianza kukusanya kutoka kwa wachungaji wa parokia zote hesabu za waliozaliwa, waliokufa na sababu za vifo. Yalikuwa madaftari ya ukoo ule ule yaliyokuwa yakiwatafuta vijana wa kwenda Ujerumani. Safari hii yaliionyesha nchi jinsi watoto wachanga walivyokuwa wakifa kwa wingi, na watu wakaanza kuuliza kuhusu waganga na wakunga. Kalamu iliyoandika majina ya kwenda kufa ndiyo iliyoandika majina ya watu wa kuokolewa. Iliyobadilika ni nia ya waliotuma kalamu hiyo.

Ndugu walimu na watumishi wa umma, nchi iliyopata uhuru wake bila kuwatoa vijana wake 215 katika kila 230 haina hasara ya kuililia. Ina bahati ambayo Bygdeå haikuipata. Kazi ambayo Ulaya iliifanya kwa kuchapwa na vita inaweza kufanywa kwa akili, kwa uaminifu na kwa ridhaa ya wanaolipa. Lakini kazi yenyewe haiepukiki. Stakabadhi isiyoandikwa, ofisi inayouzwa kwa hongo, mwenye nacho anayesamehewa kodi na mnyonge anayetozwa mara mbili, hayo ndiyo yaliyoiangusha Ufaransa ya wafalme na kuifuta Poland ya makabaila, wala hayangoji mizinga ya adui ili yaanze kuibomoa nchi. Anayeketi mezani na daftari lake likiwa safi, na anayesimama darasani akimfundisha mtoto kuhesabu na kuuliza, wanajenga ukuta ambao Cairati hakujua kuuchora.